Kama Wangetukubalia Mwaka wa 1921



Jumamosi moja tulikuwa katika ukumbi wa kanisa mjini Migori, watu wapatao arobaini: makatekista, walimu waliostaafu, wavuvi kutoka Karungu, na vijana wa bodaboda ambao waliingia kukwepa mvua wakabaki kwa ajili ya mabishano. Tulikuwa tumealikwa kufundisha juu ya Katiba ya mwaka wa 2010 na madaraka ya kaunti. Kabla hatujafika mbali, mzee mmoja wa Nyatike aliomba nafasi. Alisimama akiegemea mkongojo wake, akatusimulia habari za Piny Owacho, yaani "nchi imesema", vuguvugu ambalo babake alizoea kulihadithia nyumbani wakati wa jioni. Alisema kwamba wazee wale waliomba Nyanza ijitawale, wakakataliwa. Na lau Mwingereza angalisikia, mateso mengi yaliyofuata yasingalikuwapo. Ukumbi mzima ulimpigia makofi.

Ndipo mama mmoja kutoka Kehancha, Mkuria, akainua mkono. "Mzee wangu, kwa heshima yako, yule chifu mkuu ambaye wazee hao walikuwa wakimwomba, angekuwa mkuu wetu sisi pia?"

Hakuna aliyemjibu. Mwenyekiti alitazama saa, akatangaza chai. Sisi tulioitwa kufundisha sheria tulikunywa chai pamoja na wengine, na hatukuwa na jibu. Tunaandika makala haya kwa kuwa tunadaiwa.

Kwanza tumtendee haki mzee wa Nyatike, maana aliyoyasema si hadithi za kuwalaza watoto. Tarehe 1 Aprili 1902, Mkoa wa Mashariki wa Uganda, uliojumuisha nchi ya Kavirondo, ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki. Watu waliolala wakiwa chini ya Entebbe wakaamka wakiwa chini ya Mombasa, wala hakuna aliyewauliza. Mwaka wa 1920 Himaya hiyo ikageuzwa kuwa Koloni. Kwa asiye mwanasheria hilo laweza kuonekana kuwa badiliko la jina tu. Lakini mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1920, katika kesi ya Isaka Wainaina, Jaji Mkuu Barth aliamua kwamba ardhi ilikuwa mali ya Mfalme wa Uingereza, na kwamba Mwafrika aliyeilima alikuwa mpangaji tu, awezaye kuondolewa wakati wowote apendapo mwenye mali. Kesi ilihusu shamba la Wagikuyu. Hofu iliyozaliwa nayo haikujua mipaka ya kabila.

Tarehe 23 Desemba 1921, walimu waliosomea Maseno, wakiongozwa na Jonathan Okwiri, na pamoja naye Benjamin Owuor na Simeon Nyende, waliitisha mkutano mkubwa huko Lundha, katika nchi ya Gem. Maelfu walihudhuria. Hapo ndipo kilipozaliwa Chama cha Vijana wa Kavirondo. Walidai kazi za kulazimishwa zikomeshwe na kambi za vibarua zifungwe. Walidai kodi ipunguzwe, na wanawake wasitozwe. Walitaka hati za ardhi, shule ya serikali, na kufutwa kwa Koloni ili Himaya irudi. Walitaka machifu wakuu kwa Kavirondo ya Kati na ya Kusini. Na walitaka Nyanza iwe na baraza lake la kutunga sheria, chini ya rais Mwafrika aliyechaguliwa.

Lisomeni dai hilo la mwisho mara mbili. Lilitolewa miaka 42 kabla ya uhuru, na walimu wa shule za misheni ambao mishahara yao haikutosha kununua baiskeli.

Siku 17 kabla ya mkutano wa Lundha, tarehe 6 Desemba 1921, wajumbe wa Ayalandi walikuwa wametia sahihi mkataba mjini London, nao ukaipa sehemu kubwa ya kisiwa chao haki ya kujitawala. Hatudai kwamba walimu wa Maseno walikuwa wakiyasoma magazeti ya Dublin. Twasema tu kwamba serikali iliyopokea madai yote mawili ilikuwa moja, na kwamba tayari ilikuwa na uzoefu wa miaka 35 juu ya kile kinachotokea mtu akiomba kidogo akanyimwa.

Uzoefu huo unastahili kukumbukwa. Ayalandi iliunganishwa na Uingereza mwaka wa 1801, na bunge lake la Dublin likafungwa. Mwaka wa 1886 Waziri Mkuu Gladstone alipeleka mswada wa kuirudishia Ayalandi bunge la mambo ya nyumbani. Ulinzi, mambo ya nje na ushuru wa forodha vingebaki London. Lilikuwa jambo dogo, nalo liliangushwa katika Baraza la Makabwela kwa tofauti ya kura 30. Mwaka wa 1893 mswada wa pili ulipita kwa Makabwela, ukauawa na Malodi. Wa tatu uliletwa mwaka wa 1912 ukawa sheria Septemba 1914, lakini ulisimamishwa papo hapo kwa sababu ya vita, na sheria hiyo haikufanya kazi hata siku moja. Pasaka ya mwaka wa 1916 watu wachache walichukua silaha mjini Dublin. Wananchi wengi wa mji huo hawakuwaunga mkono, mpaka pale serikali ilipowapiga risasi viongozi 15, mmoja baada ya mwingine, na mwezi wa Agosti ikamnyonga Roger Casement, yule aliyewahi kuufichulia ulimwengu ukatili wa mpira wa Kongo. Uchaguzi wa mwaka wa 1918 ulipofika, chama kilichotaka kuvunja muungano kabisa kilipata viti 73 kati ya 105 vya Ayalandi. Hakuna tena aliyetaka lile bunge dogo la Gladstone.

Wasomi hupenda kuuliza: je, zile kura 30 zingaligeuka? Huenda Ayalandi ingalibaki nchi yenye bunge lake chini ya Mfalme, bila ya Pasaka ile na bila ya vita vya 1919 hadi 1921. Hatuwezi kuthibitisha. Lakini wasomaji wetu wanaokijua Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 12, hawahitaji profesa kuwaeleza. Makabila ya kaskazini yalimwendea Rehoboamu kule Shekemu, yakamwomba apunguze nira tu. Hayakuomba kiti chake. Wazee walimshauri akubali. Yeye akawafuata vijana aliokua nao. Alipotoka Shekemu alikuwa na makabila mawili.

Kwetu Nyanza, Rehoboamu alikuwa mwerevu zaidi. Machi 1922 Harry Thuku alikamatwa, na polisi wakawaua kwa risasi watu zaidi ya 20 waliokusanyika Nairobi kudai afunguliwe. Serikali haikutaka damu kama hiyo imwagike Kisumu. Gavana Northey alikutana na watu wa Piny Owacho mwaka huohuo. Kambi za vibarua zikafungwa na kodi ikashuka kutoka shilingi 16 hadi 12. Kuhusu Koloni, na kuhusu baraza la Nyanza, jibu lilikuwa hapana. Mwaka uliofuata chama kikawekwa chini ya malezi ya Arkidikoni Owen wa misheni ya CMS, kikabadilishwa jina kuwa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo. Wanachama waliahidi kuchimba vyoo, kuua panya na kulala vitandani.

Hatumdharau Owen. Aliwaandama maafisa kwa barua kuhusu wanawake na watoto waliofanyishwa kazi barabarani, hata walowezi wakamtungia jina la shetani mkuu. Choo nacho ni kitu chema. Lakini sisi watu wa kanisa hatuna budi kukiri kwamba ni mkono wa kanisa uliolichukua dai la bunge na kulirudisha likiwa dai la usafi. Wakatoliki nao wakajitenga wakaunda chama chao, na huku Kusini Wasabato wa Gendia, waliokuwapo tangu mwaka wa 1906, walikuwa na njia yao. Hivyo nchi iliyosema kwa sauti moja ikaanza kusema kwa madhehebu. Ole wetu tukidhani kwamba mchezo huo umekwisha.

Sasa tufuate njia ya mzee wa Nyatike. Tuseme Northey alikubali. Tuseme baraza la Nyanza lilifunguliwa Kisumu mwaka wa 1923, na Okwiri au mwingine akakalia kiti cha rais.

Tunaona mambo fulani waziwazi. Kufikia mwaka wa 1963 watu wa Nyanza wangalikuwa na miaka 40 ya kutunga sheria, kukagua hesabu na kumwondoa kiongozi kwa kura. Shule zingalijengwa kwa kodi iliyotozwa hapa, badala ya kumngoja mmisheni mwenye rafiki Ulaya. Dhahabu na shaba ya Macalder, iliyochimbwa Nyatike tangu zama za ukoloni, ingalipita mbele ya macho ya baraza ambalo wajumbe wake walizaliwa karibu na mashimo hayo. Na mtu wa Homa Bay mwenye kesi ya shamba asingalilazimika kuamini kwamba haki huzaliwa Nairobi na kusafiri kwa gari moshi.

Hayo ndiyo mzee aliyoyaona, na tunamwunga mkono. Lakini alikuwapo pia yule chifu mkuu, na hapo mama wa Kehancha anatushika shati.

Hatuhitaji kubuni jibu lake, kwa maana jirani zetu waliliishi. Waingereza walimfanya Nabongo Mumia wa Wanga kuwa chifu mkuu wa Kavirondo ya Kaskazini mwaka wa 1909. Bila shaka wazee wa Lundha walikuwa wakimtazama yeye, na Kabaka wa Buganda, walipouliza kwa nini Mjaluo naye asiwe na wake. Lakini waulizeni Wabukusu walionaje. Waliletewa Murunga, nduguye Mumia, awe chifu juu yao, na maajenti wa Wanga wakatumwa huku na huko kukusanya kodi ya Mzungu kwa lugha ya jirani. Manung'uniko hayo yaliendelea kwa miaka mingi. Kavirondo ya Kusini ya mwaka wa 1921 ilikuwa na Wajaluo, Wagusii, Wakuria na Wasuba katika wilaya moja. Chifu mkuu mmoja juu yao wote angekuwa nani? Sote twajua kabila gani lilikuwa likiomba. Wakuria walikuwa tayari wamekatwa vipande viwili na mstari ambao Waingereza na Wajerumani waliuchora kwa rula, nusu wakawa huku, nusu wakawa upande wa Tarime. Kwa hiyo jibu letu kwa mama, tukiwa chini ya kiapo, ni hili: ndiyo, angekuwa mkuu wenu pia, na hakuna mtu Lundha aliyefikiria kuwauliza.

Hatulisemi hili kuwatukana wazee. Walikuwa wanapigana na dola kubwa kuliko zote za wakati ule. Tunalisema kwa sababu ombi lao lilikuja kujibiwa, na sisi wenyewe ndio tuliolivunja.

Tarehe 1 Juni 1963 Kenya ilipata serikali ya madaraka ya ndani. Neno Madaraka tunaloliimbia kila mwaka lina maana ileile ya kile Gladstone alichoshindwa kuwapa Waayalandi. Katiba ya mwaka huo iliigawa nchi katika mikoa yenye mabaraza ya kutunga sheria, na kila baraza likamchagua kiongozi wake, ambaye cheo chake kilikuwa rais wa baraza. Basi Nyanza ikapata baraza lake, likiwa na rais Mwafrika aliyechaguliwa. Ombi la Lundha lilitimizwa karibu neno kwa neno! Je, ndugu msomaji, ulipata kusikia mtu akilisherehekea? Hukusikia, kwa sababu viongozi wetu hawakulitaka tena. Walikuwa KANU, walikuwa wameshinda, na walioshinda walitaka serikali moja yenye nguvu Nairobi. Majimbo yalikuwa kilio cha KADU, chama cha makabila madogo, na walowezi walikiunga mkono, jambo lililokipa harufu mbaya. Twaelewa. Lakini kuelewa si kusafisha.

Hapa tunaingia mahali penye miiba. Waziri wa Haki na Mambo ya Katiba aliyesimamia kazi ya kuivunja mikoa hiyo alikuwa Tom Mboya, mwana wa Rusinga, fahari ya Homa Bay hata leo. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Jaramogi Oginga Odinga. Mikoa ilinyimwa fedha na kazi ilizopewa na Katiba. KADU ilijivunja Novemba 1964. Marekebisho yakafuatana, kufikia mwisho wa 1966 Seneti ilikuwa imekwisha, na kufikia mwaka wa 1968 hakikubaki hata kivuli cha mabaraza. Wazee wetu walishangilia, kwani waliamini kwamba dola waliyokuwa wakiijenga itakaliwa na watu wao.

Aprili 1966 Jaramogi akatoka serikalini na kuanzisha KPU. Katiba ikarekebishwa haraka ili kila mbunge aliyehama chama arudi kwa wapiga kura, na Mboya alikuwa miongoni mwa walioongoza vita hivyo dhidi ya Jaramogi. Tarehe 5 Julai 1969 Mboya mwenyewe akauawa kwa risasi mjini Nairobi, akazikwa Rusinga. Oktoba mwaka huohuo watu walipigwa risasi Kisumu mbele ya Rais Kenyatta, KPU ikapigwa marufuku, na Jaramogi akawekwa kizuizini. Nyanza iligeuka kutafuta mahali pa kupeleka kilio chake. Baraza halikuwapo. Rais wa baraza hakuwapo. Tulikuwa tumesaidia kubomoa nyumba ile ile ambayo siku ya mvua tungehitaji kujificha ndani yake. Miaka 13 baadaye, mwaka wa 1982, dola hiyo iliyokusanywa mahali pamoja ilitangaza kwa kifungu cha 2A kwamba kutakuwa na chama kimoja tu, na ilituchukua hadi Desemba 1991 kukiondoa.

Kumbukeni Yeroboamu. Yeye ndiye aliyewaongoza wale waliokataa nira ya Rehoboamu, na makabila kumi yakampa kiti. Mojawapo ya mambo ya kwanza yanayosimuliwa juu ya utawala wake ni ndama wawili wa dhahabu, mmoja Betheli na mwingine Dani, ili watu wasiende mahali pengine.

Wako watakaotujibu kwamba majimbo ni neno la hatari. Ni kweli. Kati ya 1991 na 1993, wanasiasa wa KANU walilitumia neno hilo Bonde la Ufa kumaanisha kufukuzwa kwa jirani, nyumba zikachomwa, watu wakauawa, na kambi za wakimbizi zikajengwa katika nchi isiyokuwa na vita. Mpinga mageuzi hufurahi sana akilichafua neno jema, kwani hapo hahitaji tena kulijibu. Lakini hofu iliyojificha ndani ya jambo hilo ni hofu ileile ya mama wa Kehancha: atawaliwaje mdogo katika nyumba ya mkubwa?

Waayalandi walishindwa kulijibu swali hilo, nao walilipa. Kaskazini-mashariki ya kisiwa chao waliishi Waprotestanti wengi, ambao kwao bunge la Dublin lilimaanisha kutawaliwa na Wakatoliki. Waliapa kulipinga, na mwaka wa 1914 wakaingiza maelfu ya bunduki. Matokeo yake kisiwa kiligawanywa, kaunti 26 huku na 6 kule. Katika zile kaunti 6 zilizobaki chini ya Uingereza, kibao kiligeuka. Sasa Wakatoliki ndio wakawa wachache; wakabaguliwa katika kazi, katika nyumba na katika uchoraji wa mipaka ya kura. Kuanzia miaka ya 1960 hadi 1998 watu zaidi ya 3,500 waliuawa. Ona ajabu hii: waliokataa kutawaliwa kama wachache, walipopata wao serikali yao ya nyumbani, waliwatendea wachache wao jambo lilelile walilokuwa wakiliogopa.

Mkataba wa Ijumaa Kuu wa tarehe 10 Aprili 1998 ulikuja na dawa ambayo sisi wanasheria wa Nyanza tunapaswa kuichunguza kwa makini. Huko Belfast kuna Waziri wa Kwanza na Naibu wake, mmoja kutoka kila upande, na mamlaka yao ni sawasawa. Mmoja hawezi kukaa ofisini bila mwenzake. Maamuzi mazito ya bunge lao huhitaji kukubaliwa na pande zote mbili. Mpango huo umekwama mara nyingi, na yamekuwapo majira ambapo serikali yao ilifungwa kwa miaka. Hatusemi tuuige. Twasema waliandika.

Kaunti ya Migori ina maeneo bunge 8, na mawili kati yake ni Kuria Magharibi na Kuria Mashariki. Tangu mwaka wa 2013 imekuwa desturi kwamba naibu gavana atoke Kuria. Ni desturi njema. Lakini tofauti na Belfast, naibu gavana wa Kenya hana mamlaka yake mwenyewe isipokuwa yale anayopewa na gavana, na desturi hiyo haikuandikwa popote. Inategemea hesabu za kura za msimu ule. Mteja akituletea makubaliano ya namna hiyo juu ya ng'ombe mmoja, tutamwambia arudi na karatasi. Ndiyo maana hatuwashangai Wakuria wanaodai kaunti yao wenyewe. Sisi hatuamini kwamba njia hiyo ni nyepesi, kwani kaunti 47 zimetajwa katika Jedwali la Kwanza la Katiba, na kuongeza ya 48 si kazi ya mkutano wa hadhara. Lakini haifai mtu wa Rongo au Awendo kuwakasirikia. Wanasema yale Okwiri aliyoyasema.

Homa Bay nayo isicheke. Yako maeneo bunge mawili yanayoitwa Suba Kaskazini na Suba Kusini, na watoto wengi wanaozaliwa humo hawajui hata salamu ya Kisuba. Hakuna sheria iliyowanyang'anya lugha hiyo. Ilimezwa tu polepole na jirani mkubwa, shuleni, sokoni na kanisani. Mboya mwenyewe alitoka kwa watu hao.

Na sheria iko. Hili ndilo linalotuuma zaidi, kwa sababu wale wa mwaka wa 1921 hawakuwa nayo. Kifungu cha 174 cha Katiba, iliyopitishwa na wananchi katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, kinataja kulinda haki za walio wachache kuwa moja ya shabaha za ugatuzi. Kifungu cha 197 kinataka baraza la kaunti na serikali yake vionyeshe jamii zote zinazoishi humo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012, katika kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kuanzia zipewe watu wasio wa kabila kubwa la kaunti hiyo. Si ombi hilo, ni amri. Makarani, wauguzi, madereva, askari wa kaunti: humo ndimo mtu wa kawaida hujua kama serikali ni yake. Tunaipigia Nairobi kelele, na kwa haki kabisa, kwamba Sheria ya Madini ya 2016 inaipa serikali kuu asilimia 70 ya mrabaha wa dhahabu, kaunti 20, na wenyeji wa mahali penye mgodi 10. Lakini kelele hiyo haina uzito mdomoni mwa kaunti isiyoweza kueleza imewagawiaje watu wake hicho kidogo ilichopewa.

Tumeona basi kwamba kupiga makofi hakutoshi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya mwaka wa 2016 juu ya jambo hilo inaipa ofisi iliyoombwa siku 21 kutoa uamuzi wake. Barua mbili zimekwisha kuandikwa, moja kwa kila kaunti. Tunaomba tuelezwe ni watu wangapi walioajiriwa katika ngazi ya kuanzia tangu mwaka wa 2013, na wangapi kati yao si wa kabila kubwa. Hatutaki majina, tunataka hesabu. Zitapelekwa Jumatatu, Migori asubuhi na Homa Bay alasiri. Parokia, makanisa na vikundi vinavyotaka kuongeza sahihi vipite kabla ya siku hiyo.

Mama wa Kehancha ametia sahihi ya kwanza. Mzee wa Nyatike aliisoma barua taratibu, akauliza kama tumeitaja Lundha. Tulimwambia hapana, hii ni barua ya kisheria. Akasema basi tuongeze mstari mmoja, naye atasaini. Tumeuongeza.